Hori Walilolikataa Ngamia

Ngamia wa mzee wetu, adeer Sugow, walipokataa tena maji ya pampu yangu, nilipandwa na hasira mpaka nikasahau salamu. Walikuwa na kiu, mbavu zote nje, na bado kila mmoja akitia mdomo kwenye hori la chuma anaruka nyuma akipiga kelele. Sugow akasema maji yana jini. Jini! Mimi Roda ndiye ninayeitunza pampu hiyo, ninaiwasha, ninaizima, ninalisugua hori, na sijamwona jini hata wa dawa.

Wazee wa Balambala wakamuunga mkono. Ngamia wasipokunywa leo, walisema, pampu ifungwe. Ikifungwa, wanawake tunarudi kuchota mtoni Tana, na mtoni kuna mamba. Dada yangu Khadijo alikwenda huko na mikono miwili, akarudi na mmoja. Kwa hiyo wallahi sikuwa tayari kunyamaza kwa porojo za jini.

"Nitayanywa mimi, hapa hapa, kwa kiganja changu," niliwaambia. "Nikidhurika, fungeni."

Sugow akacheka. "Ngamia hawavai viatu, abaayo, dada yangu. Vua na wewe, tuone."

Nikavua ndala kwa hasira, nikazitupa. Wachungaji walikuwa wamemwaga maji chini upande mmoja wa hori kuwavutia ngamia, pale palikuwa tope tupu. Nikakanyaga, nikainama, mkono wangu umekaribia kabisa ukingo wa hori, nikasikia mtu anapiga ukelele.

"Roda! Usiguse!"

Alikuwa Mwalimu Mueni, yule wa kutoka Ukambani anayefundisha fizikia sekondari ya wasichana. Alikuja mbio, mita ya darasani ya kupimia umeme mkononi. Nimo, binti wa Sugow, alikuwa amemsimulia habari za ngamia. Hakunisalimia. Alinivuta nguo kutoka nyuma, akachomeka msumari kwenye tope, waya mmoja akaugusisha msumari, wa pili hori. Akaangalia, midomo ikamkauka.

"Volti sitini," alisema.

Nikacheka. "Sitini tu? Soketi ya nyumbani ni mia mbili arobaini. Ilishanipiga na niko hapa nakugombeza."

"Siku hiyo ulikuwa na ndala? Mkono mkavu?"

"Sasa nani anachomeka pasi na mkono wenye maji?"

Akachuchumaa kwenye mchanga mkavu, akaandika kwa kidole. "Volti ukigawanya kwa ukinzani, unapata mkondo unaopita mwilini. Ngamia ana wayo mnene, tena amesimama upande ule pakavu. Tuseme ukinzani wake ni omu elfu kumi. Sitini gawanya kwa elfu kumi, unapata ampea sehemu sita za elfu. Inamuuma, anaruka. Ninyi wenye viatu vya tairi hamsikii kitu. Na wewe, mguu mtupu kwenye tope, mkono majini? Omu elfu moja."

Akagawanya tena. Sehemu sitini za elfu.

"Huo," alisema, "unasimamisha moyo."

"Lakini umeme wenyewe una nguvu gani?" Sugow aliuliza. Sauti yake haikuwa ile ya kucheka.

Mueni akazidisha volti kwa mkondo. "Wati tatu na nusu, na kidogo."

Ya Allah! Balbu ya jikoni kwangu ni wati tisa. Yaani ningekufa mbele ya watu wote, kwa umeme usioweza kuwasha balbu ya jikoni! Nilitaka kukaa chini, nikaogopa hata kukaa, nikatoka topeni nikikanyaga kama mtoto anayejifunza kutembea.

"Mbona swichi ya usalama haikukata?" nilimuuliza.

"Waya umechubuka ndani ya pampu, umeme unavujia kwenye hori. Ile fimbo ya shaba ya kuupeleka ardhini imechimbiwa kwenye mchanga mkavu, ukinzani mkubwa. Mkondo unaovuja ni mdogo, swichi haiujui."

Sugow alikuwa anaangalia viatu vyake vya tairi. "Subhanallah," alisema. "Mimi ndiye niliyekuambia uvue." Hakuweza kuniangalia usoni.

Nilikwenda nikazima swichi kubwa. Mueni akapima tena, akatikisa kichwa: hakuna kitu. Ngamia mmoja akasogea, akatia mdomo, akatulia. Wakaja wengine, wakanywa, na hakuna mtu aliyeshangilia. Maji yakashuka hadi chini ya hori, na nusu ya kundi bado wanasukumana nyuma.

"Roda, washa kidogo," Sugow akaanza. "Yanakwisha. Watu watakaa mbali na hori, naapa. Dakika chache tu, abaayo, wana kiu."

"Siwashi."

"Wewe ndiye uliyekataa pampu ifungwe!"

"Na mimi ndiye ninayeifunga, mpaka fundi atoke Garissa!" Nilipiga kelele, meno yananigongana, machozi yananitoka. Ngamia dume mkubwa aliramba chuma kitupu, akanigeukia akilia, na wallahi mkono wangu ulianza kwenda kwenye swichi wenyewe.

Nikafunga mlango wa kibanda cha swichi, nikampa Mueni ufunguo. "Kaa nao wewe, mwalimu. Nikibaki hapa nitawasha."

Wanawake walikuwa wameshaanza kuokota madumu. Nikachukua langu, nikawafuata mtoni.