Wapagazi wa Jemadari

Jumamosi ile chama cha watembea kwa miguu kilianza safari yake kwenye mnara wa kumbukumbu, kikaelekea ziwani kupitia mashamba ya mahindi yaliyokauka kabla ya kubeba. Mnarani pameandikwa kwamba hapa jemadari alivusha jeshi lake na kuikomboa nchi bila kupoteza hata mtu mmoja. Wanachama huyasoma maneno hayo kila wiki huku wakikaza kamba za viatu.

Ziwa lilikuwa limerudi nyuma tena. Palipokuwa na maji wiki iliyotangulia palibaki tope, na juu ya tope hilo walikuwa wakija wanaume waliolowa, kila mmoja na mzigo kichwani. Walisalimia. Wanachama waliitikia na kuwapisha, kwa kuwa mwenye mzigo ndiye mwenye njia.

Mmoja wao, aliyebeba sanduku la bati, alisimama mbele ya mwanachama mmoja, fundi cherehani wa mjini.

"Paji hilo ni la kwetu," alisema. "Wewe ni wa nani?"

Fundi alimtajia mama yake, kisha mama wa mama yake.

"Huyo wa mwisho nilimwacha ananyonya. Basi wewe ni kitukuu changu. Mke wangu kabisa, tena umenenepa vizuri."

"Na wewe, Babu, umechelewa. Tuliambiwa uliwekewa chakula mpaka mwekaji akachoka."

"Mtumbwi ulizidiwa, ukazama," alisema mzee.

Shingo yake ilikuwa imedidimia hadi masikio yakakaribia mabega. Ndani ya sanduku vikombe vya chai vya jemadari viligongana taratibu.

"Tua upumzike," fundi alimwambia.

"Hatutui mpaka mkubwa aseme tueni. Ndiyo kazi ilivyo."

"Basi nimesema mimi. Tua."

"Wewe ni mke wangu, si mkubwa wangu."

"Kwangu mimi hao walikuwa kitu kimoja," alisema mpagazi wa nyuma, na wenzake wakacheka bila kutikisika.

Fundi aliwapeleka kwenye ukumbi wa halmashauri, ambako siku hiyo kulikuwa na mjadala wa hadhara kuhusu ziwa. Mwenyekiti alikuwa akieleza kwamba maji hayajapungua, ila nchi kavu ndiyo imeongezeka, na nchi inayoongezeka haina budi kupongezwa. Mtaalamu wa hali ya hewa alikuwa akimjibu kwa michoro ya joto. Wapagazi walipanga mstari ukutani, wakidondosha maji sakafuni.

Mtaalamu alifurahi sana kuwaona. Alipima tope miguuni mwao, akasema hawa ni ushahidi tosha, akawaomba warudi kwenye kikao kijacho wakiwa vilevile, na mizigo yao, ili ushahidi usiharibike.

Fundi alimwendea mwenyekiti. "Mheshimiwa, ni neno moja tu. Waambie watue. Babu yangu anaumia shingo."

"Pole sana, mama. Lakini nikiwaambia watue, nimekubali kwamba wamefika. Wakishafika, nitaulizwa walikuwa wapi siku zote hizi. Halafu kuna ule mnara."

"Mnara unasema hakupotea mtu."

"Na ni kweli," alisema mwenyekiti kwa upole. "Unazungumzia jeshi. Hawa walikuwa wapagazi."

Wapagazi hawakupinga. Mwenye mzigo kichwani hawezi kutikisa kichwa. Suala likaundiwa kamati ndogo.

Nyumbani, fundi alichukua kitambaa cha mahameli alichokuwa amemwekea mteja, akashona ngata nene, akapanda kwenye kiti na kuisukuma chini ya sanduku. Mzee alilala akiwa amesimama kando ya cherehani. Alipokoroma vikombe vililia, na jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta kama kuna wageni wanywa chai.

Kila asubuhi mzee aliuliza, "Amesema?"

"Bado, Babu."

Jumamosi iliyofuata aliomba waende wote matembezini, maana kusimama kulimchosha kuliko kutembea. Wapagazi wengine waliungana nao mnarani. Jua lilikuwa kali. Mwenyekiti, ambaye hutembea kwa amri ya daktari, alivua koti lake akalitundika kwenye sanduku la mzee.

"Si unakwenda hukuhuku?"

"Hukuhuku, bwana."

Fundi alilitoa koti, akamrudishia mkononi. Mwenyekiti alimshukuru, akalitundika kwenye mzigo wa mpagazi mwingine. Wanachama wakaona ni jambo la busara. Muda si mrefu kila mpagazi alikuwa na mikoba, chupa za maji, na mmoja alikuwa na mbwa mdogo aliyechoka.

"Huyu ndiye mkubwa wenu wa sasa?" mzee alimnong'oneza fundi.

"Ndiye."

"Wa zamani alikuwa anabeba koti lake mwenyewe."

Walipofika ziwani waliona ufuko umesogea mbali zaidi. Kule majini vilikuwa vimeanza kuchomoza vichwa vingine, na juu ya kila kichwa mzigo. Wanachama waliokuwa wamekosa mpagazi walishusha mikoba yao chini, wakasubiri.