Mchuzi wa Shume

Simu ya Nassoro iliingia asubuhi, Mama Shamsa akikata vitunguu. Mwanaisha alikuwa nje ya banda la chakula akifuta tope kwenye pikipiki, na aliyasikia yote, maana Nassoro ni msimamizi wa wapasua mbao na sauti yake imezoea kushindana na msumeno. Alisema ni mara ya nne wiki hii mchuzi wa kondoo unafika kambini kwake Shume na utando mweupe wa mafuta juu yake. Vijana wake wanaamkia kazini kwenye ukungu, hawawezi kulishwa kiporo. Leo ukifika hivyo hivyo, kesho watakula kwa mwingine.

Mama Shamsa alikata simu, akafuta kisu kwenye kanga yake, akakaa kwenye kigoda. Alianza kuuza chakula pale Kwai kabla Mwanaisha hajazaliwa, na miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kulitaja neno hilo karibu na jiko lake.

"Kiporo," alisema polepole. "Mimi?"

Mwanaisha aliendelea kufuta mahali ambapo palishakuwa safi.

Chakula cha Shume kilisafiri nyuma ya Mwanaisha kwenye pikipiki, ndani ya kikapu kikubwa ambacho Mama Shamsa alikitengeneza mwenyewe. Alikishindilia majani makavu ya migomba, katikati akaacha nafasi ya ndoo ndogo ya mchuzi na bakuli la ugali, halafu juu akafunika na blanketi kuukuu. Chakula kikiingia humo saa tano, saa tisa bado kinaunguza ulimi. Kwa hiyo simu ya kwanza ilipokuja, alilaumu majani, akayamwaga na kukausha mengine. Simu ya pili, akaongeza blanketi. Ya tatu akaanza kujishuku mwenyewe, kwamba labda uzee umeingia na anaepua kabla mchuzi haujachemka vizuri. Juzi Mwanaisha alimkuta amechovya kidole kwenye sufuria, akakitoa, akakitazama kama si chake.

Yote hayo Mwanaisha aliyaona, na yote aliyanyamazia.

Kwa sababu kosa halikuwa la kikapu wala la jiko. Ukishapita mashamba ya mwisho, barabara inaingia kwenye msitu wa misindano, na humo baridi ya Julai haina mzaha. Mwanaisha alivaa jaketi kinyumenyume kama wanavyofanya madereva wengi wa huku juu, mgongo wa jaketi ukikaa kifuani ili upepo usipate mlango. Zipu ilikuwa nyuma, ameifunga kamba ya kuivutia. Hata hivyo baridi ilimwingia. Siku moja, mwezi wa sita ukiishia, vidole vilikufa ganzi kabisa. Alisimama kwenye kona, akafungua kikapu ili apashe mikono joto tu. Kesho yake aliitoa ndoo ya mchuzi na kuiweka ndani ya jaketi, tumboni. Tangu hapo ikawa ndiyo safari yake: kwenye kona anaitoa ndoo, karibu na kambi anairudisha, na Shume anafika mchangamfu, mashavu yamejaa damu. Mchuzi ndio unafika umeganda.

Angesema nini? Madereva wa kijiweni walipinga tangu mwanzo kazi ile apewe yeye. Walimwambia atarudishwa Kwai amekauka kama samaki wa kwenye barafu. Mama Shamsa ndiye aliyewajibu kwamba msichana huyu ana subira kuliko wao wote. Kukiri kwamba baridi imemshinda kulikuwa sawa na kuwakabidhi funguo za pikipiki.

Saa tano, chakula kilipokwisha kufungwa, Mama Shamsa alijitanda kanga ya pili, akavaa sweta la mumewe, akasema leo anakwenda naye. Anataka auone mchuzi wake kwa macho yake, toka jikoni mpaka kwenye sahani.

"Kuna baridi sana, Mama," Mwanaisha alisema.

"Wewe unaiweza."

Alimgeuza ili ampandishie zipu. Ilipofika shingoni, mkono wake ukatulia pale kidogo. Kisha akapanda nyuma, akakipakata kikapu kati yao, wakaondoka.

Mpaka mwisho wa mashamba Mwanaisha aliweza. Walipoingia msituni, baridi ilimkuta mikono mitupu. Kila alipotazama kioo aliliona lile sweta na ile kanga, na kikapu kilichofungwa. Meno yaligongana. Alijaribu kuimba kimoyomoyo, maneno yakapotea. Alijaribu kukunja vidole kimoja kimoja, akaacha kuvisikia. Kona yake ilipita. Siku nyingine zote pale ndipo aliposimama. Baada yake palikuwa na mteremko, na chini ya mteremko lori la kabichi lilikuwa likipanda katikati ya barabara. Aliamuru mkono ukamate breki. Mkono haukusikia.

Alikanyaga ya mguu, pikipiki ikayumba, ikatoka barabarani na kuzama kwenye majani mpaka ikazimika yenyewe. Lori lilipita likipiga honi. Hakuna aliyeanguka. Mama Shamsa alishuka, akakiweka kikapu chini taratibu, akaikamata mikono ya Mwanaisha akaigeuza kama anayekagua viazi sokoni.

"Mikono hii ndiyo inayoendesha kila siku?"

Pale palikuwa na nafasi ya kusema leo anaumwa. Uongo ulikuja hadi kwenye meno.

"Kila siku sioni baridi, Mama," alisema. "Mchuzi ninauweka humu ndani ya jaketi. Ninauota kama moto."

Mama Shamsa hakushangaa. Alisema asubuhi alipokuwa akimfunga zipu, shingo ya jaketi ilinuka bizari yake mwenyewe, naye akajiambia hapana, mtoto huyu hawezi. Kisha akanung'unika kitu kwa Kishambaa, akaifikicha mikono ile mpaka vidole vikaamka. Wakaisukuma pikipiki barabarani, akakichukua kikapu akapanda.

"Twende. Wenye chakula wanatusubiri sisi tu."

Huko Shume, Nassoro alifunua ndoo, na mvuke ukampanda usoni mpaka akafumba macho. Mwanaisha alikuwa amekwisha kutoa shikamoo na sasa alisimama kando, mikono kwapani. Nassoro alicheka, akawaambia wenzake kwamba kumbe dawa ya mpishi ni kugombezwa. Mama Shamsa alikuwa akipanga vijiko. Hakuinua kichwa. Mwanaisha aliona kwamba Mama Shamsa angelimeza neno lile, arudi nalo Kwai, na asingelitaja tena.

"Si yeye," alisema. "Mchuzi unatoka jikoni unachemka. Mimi ndiye ninayeukumbatia njiani, kwa ajili ya baridi."

Misumeno ilikuwa imezimwa. Kila mtu alisikia.

"Nilisema mimi," Abrahamu, mpasuaji mkubwa kuliko wote, alisema huku akijipakulia. "Mchuzi ule ulikuwa na joto la binadamu."

Walicheka sana, na Mwanaisha akawaacha wacheke. Nassoro hakucheka. Alimgeukia Mama Shamsa, akasema neno la asubuhi analirudisha, amsamehe. Kisha akauliza kesho chakula kitaletwa na nani.

Mama Shamsa alimaliza vijiko kwanza. "Na huyu," alisema.



Kesho yake Mwanaisha alikuta kikapu kiko tayari, kimezungushiwa kamba ya katani yenye mafundo matatu, yale ya kufungia mbuzi. Kando yake palikuwa na fungu la viazi vya kuchemsha, vya moto, vimeviringishwa kwenye kipande cha blanketi. Mama Shamsa aliliingiza ndani ya jaketi mwenyewe, akavuta zipu.

"Hivi ni vyako. Vikipoa, kula. Mafundo atafungua Nassoro."

Alipofika kwenye kona alisimama, kwa mazoea tu. Viazi vilimchoma tumboni. Aligeuka akatazama yale mafundo, moja, la pili, la tatu, akahisi uso unawaka kuliko viazi. Akaingiza gia.

Shume, Nassoro alihangaika na kamba ile mpaka akatumia meno, akilalamika kwamba mama huyu amefunga chakula au amefunga ng'ombe. Mwanaisha alikaa juu ya gogo akamenya kiazi cha kwanza. Bado kilikuwa na uvuguvugu.