Aulizwe Akiwa Peke Yake

"Kuoga umejilaza ndani ya beseni!" Ramnihor alicheka mpaka mrija wake wa mkojo ukatikisika. "Dada Daktari, kijijini kwetu hata nyati haogi hivyo. Andika ndoo na kopo. Halafu uliza: anayekumwagia maji ni nani?"

Daktari Mrinalini akaandika. Alikuwa na dodoso kutoka ng'ambo, maswali sitini ya kuwauliza waliovunjika uti wa mgongo, na ofisini walikuwa wamelitia katika Kihindi cha makuhani ambacho mgonjwa hakielewi. Kazi yake ilikuwa kulipeleka kitandani kwa watu kama Ramnihor, aliyeanguka kutoka juu ya mzambarau wa tajiri akichuma kwa kibarua, na kuwauliza swali mojamoja: hapa umeelewa nini?

Kwa wiki tano Ramnihor alimpa kila kitu. Alimweleza choo kinavyomtoka mbele ya wageni bila yeye kujua, mkewe alivyorudi kwao, shemeji yake, mke wa kaka yake, anavyoziba pua akimletea sahani. Mambo ya kufa nayo aliyasema mchana kweupe, kwa sababu Dada Daktari alimwahidi kwamba majibu ya dodoso hilo ndiyo yatakayoamua nani abaki na kitanda hospitalini na nani arudi kwao.

Siku moja alilikataa swali.

"'Unatunzwa vizuri nyumbani?' Hilo futa."

"Kwa nini, kaka?"

"Niseme situnzwi mbele ya kaka yangu mkubwa, anayenilisha? Kwetu nani atathubutu? Mkono usioweza kuukata, ubusu. Ukitaka ukweli, mtoe nje kwanza. Na hilo 'vizuri' liache. Uliza: usiku anakugeuza nani, mara ngapi?"

Nyumbani, katika kibanda cha majani cha kufugia nyati alikolazwa, hakuna aliyemgeuza. Kidonda cha kulalia kilichomleta hospitali kilikuwa kimefika mfupani. Daktari akaandika juu ya ukurasa, akapigia mstari mara mbili: Aulizwe akiwa peke yake.

"Hii ndiyo kanuni ya kwanza," alisema. "Naapa kwa mama yangu."

Dodoso likachapwa. Mwezi wa Jeth, joto likikausha mate mdomoni, karani mpya akawaita wagonjwa ukumbini, kila mmoja na mtu wa kwao. Vitanda vilikuwa kumi na viwili na waliosubiri walilala varandani. Mwenye wa kumtunza nyumbani angeachia kitanda.

Shivbaran, kaka mkubwa, alifika na treni ya asubuhi. Alileta chapati na achari ya embe ndani ya kitambaa. Akasimama nyuma ya kiti cha magurudumu, mkono begani mwa mdogo wake.

Ramnihor akaitazama karatasi mezani. Ndoo yake ilikuwemo, na kopo lake. Juu kabisa ilikuwepo ile kanuni.

"Bwana," alinong'ona, "soma hapo juu."

"Hapo juu ni pa wakubwa. Mimi nina watu arobaini kabla ya chakula." Karani akamgeukia Shivbaran. "Wewe usiondoke, utaweka dole gumba." Kisha akasoma kwa sauti: "Usiku anakugeuza nani, mara ngapi?"

"Mjibu bwana mkubwa," alisema Shivbaran. Mkono begani haukusogea.

Ramnihor alijibu bila kugeuka.

"Shemeji," alisema. "Mara tatu."

"Umesikia?" Shivbaran alimwambia karani. "Kwetu mtu hatupwi."

Daktari Mrinalini alikuwa anapita na wageni wawili wa ng'ambo. Ramnihor alimwita kwa nguvu zote, naye akaja akitabasamu.

"Huyu ndiye mwalimu wangu!" aliwaambia wageni. "Kaka, umeyaona maneno yako?"

"Nimeyaona, dada. Na kanuni ya kwanza?"

Daktari alimtazama Shivbaran, akautazama mstari wa watu, akawatazama wageni wake.

"Imo, kaka," alisema polepole. "Imechapwa." Akaunganisha viganja kumuaga, akaondoka na wageni.

Karani akagonga muhuri. Wodini shuka za Ramnihor zilikuwa zimekwisha kutolewa. Shivbaran, asiyejua kusoma, alipewa nakala, akaikunja katikati.

"Joto gani hili," alisema. "Twende nyumbani, mdogo wangu."

Akaanza kumpepea usoni kwa ile karatasi, taratibu, mbele ya ukumbi mzima, na kila ilipopita Ramnihor alikisoma kile kijistari cha juu.