Ayeyo Alivyoshushwa Getini

"Uwanja wa ndege wa Nairobi? Mimi naujua kama mfuko wa suruali yangu," alisema Sahal, na ili waamini akautia mkono mfukoni. Mfuko ulikuwa na tundu. Kidole kikapitiliza mpaka kwenye paja.

Ilikuwa chai ya saa nne, hotelini kwa Kirimi pale Isiolo mjini. Kirimi alikuwa anasikiliza, Nanok fundi wa magurudumu alikuwa anasikiliza, na, bahati mbaya, Abti Abdinajib pia alikuwa anasikiliza. Huyo ni mjomba wake Sahal, mwenye magari matatu ya abiria, na moja lilikuwa limekosa dereva.

"Umefika kweli?" Abti akauliza.

"Abti, usiulize kama nimefika, uliza mara ngapi! Askari wa geti wananiamkia kwa jina."

Kusema ukweli, Sahal alikuwa ameuona uwanja huo mara moja tu, akiwa juu ya lori la mbuzi kwenye barabara ya Mombasa. Na siku hiyo aliona mkia wa ndege peke yake, maana beberu mmoja alikuwa amemziba. Lakini ulimi wa Sahal haukuwa na desturi ya kumngoja mwenyewe.

"Basi Alhamisi utampeleka Ayeyo," Abti akasema. "Ukimfikisha salama, ile Noah isiyo na dereva ni yako kuendesha. Ukiharibu, unarudi kwa mbuzi."

Ayeyo Fahmo ni nyanya yake Sahal. Miaka tisa alikuwa ameuza maziwa ya ngamia, nia ikiwa moja tu: Umra. Kikundi cha akina mama wenzake kilikuwa kimetangulia Nairobi, nao walipatana wakutane mlangoni pa uwanja saa nane na nusu.

"Heri ndege ya Jidda ingeshuka hapa kwetu," Nanok akasema. "Sahal angepotea karibu."

Alhamisi waliondoka baada ya swala ya alfajiri. Ayeyo alikaa nyuma na tasbihi yake, na Sahal akamfundisha uwanja wa ndege kuanzia Timau hadi Thika: ngazi zinazotembea zenyewe, milango inayokuona, wazungu waliolala sakafuni kama ndugu zako. Kila akimaliza jambo, Ayeyo alijibu neno moja: "Inshallah." Sahal alidhani anakubali. Sasa anajua mama wa watu alikuwa anaomba.

Saa nane kamili wakafika kwenye geti la ukaguzi.

"Abiria ashuke," askari akasema. "Dereva, pita na gari."

Mtu mwingine angeuliza: ashuke aende wapi? Lakini utaulizaje mahali ambapo askari wanakuamkia kwa jina? Sahal akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa getini hapo, na akili yake ikakimbilia mahali inapopajua. Mnadani, lori likifika getini, mbuzi wanashushwa, wanakaguliwa, halafu dalali anawachukua. Kazi ya dereva inaishia hapo.

"Ayeyo, shuka. Wenyewe watakupokea."

"Sahal, una hakika?"

"Ayeyo! Unaongea na nani?"

Ayeyo akaingia kwenye banda la kukaguliwa. Sahal akazunguka na gari, akafuata mshale wa kutoka, akarudi barabarani akipiga mluzi. Simu ikalia.

"Ameingia?" aliuliza Abti.

"Ameingia, Abti. Nimeona kwa macho yangu haya mawili."

Akainua hayo macho mawili kwenye kioo. Kwenye kiti cha nyuma, sanduku la kahawia lilikuwa limekaa wima kama abiria. Juu yake kulikuwa na mkoba wa Ayeyo, na ndani ya mkoba simu, na pasipoti, na tiketi.

Jasho lilimtoka hata kwenye kope. Alitafuta pa kugeukia kwa dakika ishirini, na kila barabara aliyoingia ilimpeleka mbele zaidi. Ngamia wa malishoni kule Korbesa, ukimwachilia kwenye mzunguko ule, angetoka kabla yake. Saa nane na dakika arobaini ndipo aliliona geti tena.

Ng'ambo ya banda, mahali ambapo kila dereva mwenye akili humngoja abiria wake apande tena, kulikuwa na benchi. Ayeyo alikuwa ameketi hapo akinywa chai ya askari mmoja wa kike, wanacheka.

"Ndiyo huyu?" askari akamuuliza Ayeyo.

"Ndiyo huyo."

"Kijana wa Isiolo, mimi naitwa Natabo, kwetu ni huko huko. Huyu ni nyanya yako. Si mbuzi wa mnadani umshushe getini na uende zako!"

Sahal akampandisha Ayeyo garini bila kujisifu. Ilikuwa mara ya kwanza, na ingefaa kuandikwa mahali.

Akina mama walikuwa bado mlangoni, wengine wameanza kulia. Sahal akaburuta sanduku akikimbia, Ayeyo nyuma yake na kiatu kimoja mkononi.

"Ayeyo, tafadhali usimwambie Abti."

"Naenda nyumba ya Mungu," Ayeyo akasema akihema. "Sitasema neno juu ya mtu. Nakuahidi."

Sahal akapata Noah.

Wiki mbili baadaye Ayeyo alikuwa amerudi, nyumba imejaa wageni, tende na maji ya zamzam vinazunguka. Katikati alisimama Sahal, funguo zikizunguka kidoleni.

"Nilimshika mkono mpaka mlango wa ndege. Rubani mwenyewe akaniambia, kijana, sasa mwachie."

"Hodi! Habari zenu hapa?"

Aliingia mwanamke mwenye sweta ya kijani. Bila sare, Sahal hakumtambua. Alitambua sauti.

"Dereva!" Natabo akasema. "Mimi niko likizo. Na huyo rubani, alikuwa amekaa benchi gani?"

Funguo zikaacha kuzunguka.

"Ayeyo!" Sahal akaropoka. "Si uliahidi hutasema!"

Kikombe cha Abti kilisimama njiani kuelekea mdomoni.

"Na sijasema," Ayeyo akajibu, akimsogezea Natabo mto wa kukalia. "Nimealika mtu chai tu. Aliyesema ni wewe."

Abti alimnyooshea Sahal mkono, kiganja juu, na haukuwa wa kupokea tende.