Kibanio cha Tochi ya Shemeji

Mtaa mzima ulimwita Fundi Haitoki, kwa sababu kitasa alichokifunga yeye hakitoki mpaka mlango wenyewe ung'oke. Jina hilo alilipenda kupita kiasi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alikuwa akipaka grisi mashine za kiwanda cha unga, kazi ya kuinama chini ya mikanda inayozunguka huku tochi iko mfukoni. Siku moja akaja na tochi isiyo na kibanio cha kuishikiza mfukoni.

"Ya tatu hii, shemeji. Plastiki gani hizi! Kikiguswa na mkanda tu, pa, kimekatika, tochi imezama kwenye unga. Naitafuta mpaka msimamizi ananiuliza kama napika."

Walicheka wakavunjika mbavu. Fundi akakata kipande cha bleidi ya msumeno, akakipasha moto, akakikunja, akakichovya kwenye oili kikakakamaa. Akakifunga kwenye tochi kwa pete ya chuma na ribiti mbili. Kisha akakibana kwenye ukanda wa suruali ya shemeji na kumburura nacho karakana nzima.

"Sasa mwambie mkeo akushonee mfuko wa maana," alimwambia. "Ule wa sasa utang'oka ubaki kiwandani, wewe urudi nyumbani uchi."

Mdogo wake alikuwa mshonaji. Akaweka turubai ndani ya mfuko wa ovaroli, akapiga mishono miwili.

Wiki haikuisha. Mkanda uliidaka tochi, na safari hii hakuna kilichokatika wala kuchanika. Shemeji walimzika Alhamisi.

Msimamizi alikuja kutoa pole, mtu mwema asiyejua kufunga mdomo. "Mama, mfuko ungechanika tu, angebaki na mshtuko," alisema, akaenda zake.

Tangu hapo mjane hakula. Cherehani aliifunika, akawa anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Ni hii, kaka. Mishono miwili! Mmoja ungetosha."

Fundi alijua si mishono. Mfuko ulikuwa na kosa gani? Marehemu alimwambia kwa mdomo wake kwamba plastiki hukatika ikiguswa na mkanda, na yeye akasikia mzaha tu. Kule kukatika ndiko kulikokuwa kukimwokoa, mara tatu, na yeye kwa kujipiga kifua akaiondoa kinga hiyo. Aliona aibu. Aliogopa pia, maana wazazi walikwishatangulia na ndugu alikuwa huyu mmoja. Siku nne alikuja, akakaa, akaondoka na ulimi mzito.

Siku ya tano alimkuta amelala mkekani, hataki hata maji. Akashindwa kuvumilia.

"Si mfuko, mdogo wangu. Ni kibanio. Aliniambia vile vya zamani vinakatika kwenye mkanda, mimi nikamtengenezea kisichokatika. Na mfuko ule niliutaka mimi."

Alingoja matusi. Alitumaini, Mungu amsamehe, kwamba angalau sasa mdogo wake atapumua.

Mwanamke alimgeukia.

"Nilibaki na mtu mmoja tu wa kumlilia, wewe," alisema. "Bora ungeniacha nijichukie mwenyewe."

Hakumwita kaka. Alivuta shuka, akageukia ukutani.