Waini Aliyoileta Ndete

"Onja wewe kwanza," Mzee Kyule alisema, akaisukuma glasi kwa mkwewe. "Kwetu mgeni hanywi kabla ya mwenye nyumba. Ama Nairobi imekusahaulisha?"

Ndete akacheka kicheko cha kupoteza muda. Tangu jana alikuwa akiwamiminia watu waini, na yeye mwenyewe hajagusa hata tone.

Waini hiyo ilitoka katika hoteli moja ya mjini alikokuwa mhudumu. Ijumaa, wateja walialikwa kuonja waini za bei nafuu. Basi wakanusa, wakaonja kidogo, wakaandika vijikaratasi vyao, wakaacha glasi zimejaa nusu. Ndete aliambiwa amwage. Hakumwaga. Alichuja masalio yote kwa kitambaa, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu, akajaza chupa tatu na kuzifunga kwa vizibo vyake. Kitambaa kilikuwa safi, jamani, hilo aliapa moyoni.

Jumamosi mchana, uani kwao Kariobangi, majirani walikunywa wakistarehe kama mabwana. Javan, fundi wa mabati, alizungusha kikombe chake cha plastiki alivyofundishwa na Ndete. "Hii si kama chang'aa inayochoma koo," alisema. "Hii inashuka na adabu zake." Ndete akawaeleza ipi ya samaki, ipi ya nyama, na kwamba kitu kizuri si lazima kiwe ghali. Wakamwita Profesa. Wewe ungekataa? Hakukataa. Akaongeza kwamba hoteli ndiyo iliyomzawadia chupa hizo kwa kazi nzuri.

Mutheu, mkewe, aliamini. Ndiyo maana leo, baada ya kanisa, akamleta babake, ambaye hakuwa amekanyaga nyumba hiyo tangu waoane.

"Nilikuwa nikikuita mfuta meza," mzee alisema. "Mbele ya watu, hata. Leo nimekuja kuyameza maneno yangu."

Aibu ikampanda Ndete mpaka masikioni. Anywe tu, mambo yaishe. Akainua glasi. Ilinukia vizuri kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Lakini akamkumbuka yule mama kule hotelini aliyeacha rangi ya mdomo ukingoni mwa glasi, na yule bwana aliyekuwa akikohoa. Mkono ukakataa.

"Baba, usinywe," alisema. "Hakuna aliyenizawadia. Ni makombo. Nimeyachuja kutoka glasi za watu."

Mzee alizitazama zile chupa.

"Na majirani wako?"

"Walikunywa jana."

"Wanajua?"

"Hapana."

Alitamani mzee amfokee, hata ampige. Mzee hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua kofia yake mezani, akaiweka gotini.

"Ungenipa chai, Ndete," alisema polepole. "Mimi ningekunywa chai."

Nyuma ya pazia lililogawa chumba, Mutheu alikuwa akikaanga vitunguu, na sasa kukaanga kulikuwa kumekoma. Hakutokeza. Walimsikia akiepua sufuria na kuweka nyingine. Akaanza kupima maji ya chai. Kikombe cha kwanza. Cha pili. Halafu akatulia, na Ndete, macho yakiwa sakafuni, akasubiri kusikia kama angemimina cha tatu, kile chake.