Chumba cha Upande wa Kengele

Jirani yangu Tove Kragh alifiwa na mumewe, Ejnar, kabla ya Krismasi. Theluji ilipoyeyuka, binti yao Dorte alikuja kutoka Viborg na mikate ya mdalasini, akamkalisha mamake jikoni. Nilikuwepo, nakunywa kahawa yao kama kawaida.

"Mama, tunakwenda Ribe. Siku mbili tu. Tulitazame kanisa kuu, tutembee kando ya mto, tule vizuri, turudi."

"Ribe baba yako aliniahidi kila kiangazi. Na kila kiangazi paa lina kazi."

"Paa nimeshalikagua. Halina udhuru mwaka huu."

Tove akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Dorte akapiga simu nyumba moja ya wageni iliyo mkabala na kanisa, akaongeza sauti ili sote tusikie.

"Kragh?" mwenye nyumba akauliza. "Mbona mzee keshapiga asubuhi. Chumba nimeshamwekea."

"Mzee gani?"

"Jina alilotaja ni hilo hilo la Kragh. Anaongea polepole, kama mtu aliyeingiwa na baridi kifuani. Kasema mkewe hawezi kengele, zinamuumiza kichwa, nimpe chumba cha nyuma, upande wa bustani."

Dorte alibadilika rangi. "Kuna mtu anatufanyia mzaha," akasema, "tena mzaha usio na haya." Akanitazama hata mimi.

Tove hakuogopa. Alikasirika.

"Mzaha wa nani? Huyo ni Ejnar. Kengele alikuwa haziwezi yeye. Tukialikwa mahali utamsikia: 'Tove hapendi kelele, Tove amechoka, twendeni.' Mimi nimenyamaza pale, na ninachotaka ni kucheza muziki mpaka kuche." Akaiinamia simu. "Dada, Tove ndiye mimi. Nipe chumba cha mbele, kengele zinikae masikioni."

"Mama, safari imekufa," Dorte akasema.

"Yako imekufa. Mimi nakwenda."

Akaenda peke yake Ijumaa. Yaliyompata huko alinisimulia mwenyewe, bila kuyapamba.

Chumba kilikuwa kidogo, safi, na mnara wa kanisa umelijaza dirisha. Alilifungua, akaketi kitandani na koti lake mwilini. Adhuhuri kengele zikaanza. Dirisha likajifunga, taratibu, kama anavyofunga mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake, na komeo likajizungusha hadi mwisho. Upepo haukuwepo. Chumba kikanuka sufu iliyolowa mvua, harufu ya Ejnar akishuka paani.

Tove akainuka, akafungua. Likafungwa. Akafungua tena, safari hii hakuliachia, akahisi linavutwa. Halikuvutwa kwa hasira, bali kwa ung'ang'anizi ule ule aliouzoea.

"Ejnar," akasema, "kengele nazipenda. Nilikuwa naitikia tu ili usiaibike mbele za watu. Sasa niachie."

Mvuto ukalegea. Kengele zikakijaza chumba mpaka maji yakatetemeka kwenye glasi. Alisimama pale akingoja, mkono bado uko dirishani. Zikanyamaza, na hakuna aliyelifunga. Harufu ya sufu nayo ikapotea. Hapo ndipo Tove alipolia, maana alikuwa ameshinda, na mle ndani hamkuwa na mtu mwingine.

Kesho yake alipanda mnara akipumzika kila baada ya ngazi chache, akayaona malisho yaliyolala bapa mpaka baharini. Akala samaki wa kukaanga kando ya mto, akaagiza na bia. Watu wa meza ya jirani walimwuliza kama yuko peke yake, akasema ndiyo, wakamkaribisha, akajiunga nao.

Dorte alimpokea stesheni, akamtazama usoni muda mrefu kabla ya kuuliza.

"Kulitokea lolote?"

"Usiku nililiacha dirisha wazi makusudi," Tove akamjibu. "Nikapigwa na baridi hadi asubuhi. Hakulifunga."

Akamkabidhi binti yake mkoba, wakaenda kulitafuta gari.